MWENYE KITI NI NANI?



Kuna wakubwa katika inchi yetu wanaosema kwamba mtu akisha kuchaguliwa, kiti ni chake kwa miaka mitano, na aliyempa kura hana neno tena. Wanasema: mmekwisha kupiga kura, rudini nyumbani, mngojee kura ingine. Sisi tunasema hapana. Na leo hatutaki kusema hapana kwa kelele tu. Tunaleta mfano wa watu wa mbali, watu wa shimo na kiwanda kama sisi, ili kila mmoja aupime kwa kichwa chake mwenyewe.

WATU WENYEWE NI WATU GANI

Mji wa Rutherglen uko Uskoti, karibu na Glasgow. Pamoja na Cambuslang, Blantyre na upande mmoja wa Hamilton, ulikuwa jimbo moja la uchaguzi lililoitwa Rutherglen and Hamilton West, mpaka mipaka ilipogeuzwa mwaka 2024. Msifikiri ni makao ya mabwana. Ilikuwa inchi ya makaa. Pale Blantyre, tarehe 22 Oktoba 1877, moto wa gesi uliua watu zaidi ya 200 ndani ya shimo siku moja. Mwaka uliofuata wajane wakatolewa katika nyumba za kampuni, maana mume aliyekufa hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba. Msomaji wa kambi za kazi hana haja tumweleze jambo hilo mara mbili.

Pale Blantyre tena alizaliwa David Livingstone, mwaka 1813, katika nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na yeye mwenyewe aliingia kiwandani akiwa mtoto wa miaka kumi. Ndiye aliyefika Nyangwe, katika Maniema yetu, mwaka 1871. Shuleni tulifundishwa jina lake na safari zake. Hatukufundishwa kwamba wakati ule wachimbaji wengi wa kwao hawakuwa na kura. Waliokufa mwaka 1877 wengi walikufa bila kura. Sheria iliyowapa kura wenye nyumba wa sehemu zile ilikuja mwaka 1884. Na mwaka 1888, Keir Hardie, aliyekuwa ameingia shimoni akiwa mtoto, alisimama kwa jina la wafanyakazi katika Mid Lanark, ndani ya mkoa uleule. Alipata kura 617 tu. Watu walicheka. Waliocheka wamesahauliwa, na chama kilichotoka katika njia ile kimetawala Uingereza mara nyingi.

Tunayasema haya ili ijulikane kwamba haki wanayoitumia watu wale hawakuiokota njiani. Waliitoa chini kidogo kidogo, kama vile shaba inavyotolewa katika jiwe.

JAMBO LILILOTOKEA

Mwaka 2019 watu wa jimbo lile walimchagua Bibi Margaret Ferrier wa chama cha SNP, akamshinda mpinzani wake kwa kura 5,230. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa Covid. Serikali ikawafungia watu majumbani. Mtoto hakuweza kumzika mama yake vizuri, mjukuu hakuweza kumtembelea babu yake. Watu wakatii, wakaumia.

Sasa sikieni. Jumamosi tarehe 26 Septemba 2020, mbunge yule alijisikia vibaya, akapimwa. Ilimpasa akae nyumbani mpaka majibu yatoke. Jumapili akaenda kanisani. Jumatatu akapanda treni mpaka London, akasema ndani ya Bunge. Jioni ile majibu yakatoka: ana ugonjwa. Jumanne akapanda treni tena, pamoja na watu wengine, akarudi Glasgow.

Chama chake kikamsimamisha. Mkubwa wa chama, Bibi Nicola Sturgeon, akasema hadharani kwamba aache kiti. Hakukiacha. Akabakia bungeni pasipo chama. Mwezi wa Agosti 2022 alikubali kosa mbele ya korti ya Glasgow, na mwezi uliofuata korti ikamhukumu kufanya kazi ya bure ya saa 270 kwa faida ya watu wote. Bado alikuwa mbunge.

Hapa wengi wetu tungesema: basi, imekwisha, mkubwa ni mkubwa. Lakini haikuisha. Tangu mwaka 2015 Uingereza wana sheria ya kumwita mbunge arudi kwa watu wake. Ilizaliwa na hasira ya mwaka 2009, wakati watu walipojua namna wabunge walivyojilipisha mali ya serikali kwa nyumba zao na vitu vyao. Sheria yenyewe inaeleweka. Mbunge akifungwa na korti, hata kifungo cha kungojea, kwa mwaka mmoja au chini yake (kifungo cha zaidi ya mwaka kinamtoa chenyewe). Au akihukumiwa kwa kudanganya juu ya pesa za kazi yake. Au Bunge likimsimamisha siku 10 za kikao au zaidi baada ya taarifa ya kamati yake: basi buku inafunguliwa katika jimbo lake kwa juma sita. Watu 10 katika kila 100 walioandikwa kupiga kura wakitia mkono, kiti kinakuwa wazi, na kura mpya inapigwa.

Tarehe 6 Juni 2023 Bunge lilipiga kura, 185 kwa 40, kumsimamisha Bibi Ferrier siku 30. Tarehe 20 Juni buku ikafunguliwa. Ilitakiwa mikono 8,113. Ilipofungwa tarehe 31 Julai, mikono ilikuwa 11,896. Ndiyo mara ya kwanza jambo hilo kutimia katika Uskoti. Tarehe 5 Oktoba 2023 watu wakachagua kati ya wagombea 14. Bwana Michael Shanks, mwalimu wa shule, wa chama cha Labour, akapata kura 17,845. Wa chama cha SNP akapata 8,399.

Hakuna jiwe lililotupwa. Hakuna askari aliyetumwa. Mtu aliyekaa juu ya kiti miaka mitatu akikataa kukiacha, alikiacha kwa kalamu ya mama wa nyumbani, ya dereva wa basi, ya mzee wa pensheni.

TUSIWASIFU KUPITA KIASI

Sisi si wapiga makofi wa Wazungu. Mlango wao unafunguka nusu tu, na ni lazima tuseme kwa nini, ili siku tukijenga wetu tusiige mbao zilizooza.

Ubaya wa kwanza: ufunguo hauko mikononi mwa watu. Mwenye kura hawezi kuanza mwenyewe. Sharti korti ianze, au Bunge lenyewe lianze. Mwaka 2014, wakati sheria ilipoandaliwa, wabunge wengine walitaka watu wenyewe wapewe nguvu ya kuanza. Wabunge walio wengi wakakataa. Na matunda yake yalionekana. Mwezi wa Oktoba 2021, kamati iliona kwamba mbunge Owen Paterson aliwasemea wakubwa wa serikali makampuni mawili yaliyokuwa yakimlipa, ikaomba asimamishwe siku 30. Serikali ya chama chake ikaita watu wake, wakapiga kura 250 kwa 232 kuzuia adhabu na kugeuza kanuni. Ni hasira ya watu tu iliyowarudisha nyuma kesho yake, na yule bwana akajiuzulu. Watu wake wa North Shropshire hawakupewa buku ya kutia mkono. Fikirini: hakimu ni ndugu wa mshitakiwa, na ndiye anayeshika ufunguo wa korti.

Ubaya wa pili: sheria inashika kosa la mwili, haishiki kosa la ahadi. Mbunge akipanda treni na ugonjwa, anaitwa. Mbunge akiahidi hospitali, kisha akapiga kura ya kufunga hospitali, hakuna wa kumwita.

Ubaya wa tatu: kutia mkono si siri kweli. Buku ni ya wanaotaka aitwe tu. Hakuna karatasi ya kukataa. Basi anayeonekana kuingia mlangoni, jirani wote wanajua amekwenda kufanya nini. Na sheria inaweka mwisho wa mahali pa kutia mkono: 10, si zaidi. Katika North Antrim, mwaka 2018, walifungua mahali patatu tu. Watu 7,099 walitia mkono, ilitakiwa 7,543. Mikono 444 ilipungua, na mbunge Ian Paisley akabakia na kiti chake. Nani atatuambia kwamba katika jimbo zima hapakuwa na watu 444 walioogopa macho ya jirani, au waliokosa gari?

Na neno la nne si la sheria, ni la watu. Siku ile ya tarehe 5 Oktoba 2023, katika watu 100 wenye kura ni 37 tu waliokwenda. Haki isiyotumiwa inashika kutu kama chombo kilichoachwa nje mvuani.

SASA KWETU

Msomaji atauliza: sisi na Rutherglen tuna nini? Tuna hili. Mambo yao yanatuonyesha mwenye kiti ni nani. Chama cha Bibi Ferrier kilimsimamisha, lakini hakikuweza kumwondolea kiti, maana kiti si cha chama. Korti ilimhukumu, lakini adhabu ile haikumwondolea kiti. Waliokiondoa ni watu wa jimbo. Walitumia mlango wa nusu, lakini walipita.

Katika Kongo tumefanya kinyume chake. Someni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile tuliyoikubali kwa kura mwezi wa Desemba 2005. Katika kifungu cha 101 imeandikwa kwamba deputé anasimama kwa taifa zima, na kwamba kila « mandat impératif » ni bure, maana yake aliyemchagua hawezi kumfunga kwa amri. Mpigaji kura wa Likasi au wa Kipushi, hata akiona deputé wake hajakanyaga udongo wa jimbo tangu siku ya kampanye, hana buku ya kutia mkono, hana mlango, hana hata dirisha.

Lakini endeleeni mpaka kifungu cha 110. Pale imeandikwa kwamba deputé anayeacha chama chake kwa kupenda, anahesabiwa ameacha kiti. Mmesikia vizuri? Akiwaacha watu waliomchagua, anabakia deputé. Akikiacha chama, si deputé tena. Basi Katiba yetu yenyewe imejibu swali letu: mwenye kiti ni chama. Deputé mwenye akili anajua amwogope nani. Hamwogopi mchuuzi wa soko la Kenya pale Lubumbashi. Anamwogopa mkubwa wa chama kule Kinshasa.

Na kiti kikiwa wazi, sisi tunaitwa? Hatuitwi. Kila mgombea anaandika pamoja na jina lake majina ya suppléant wawili. Deputé akifa, suppléant anakaa. Deputé akiwa waziri, suppléant anakaa. Na tangu Katiba ilipogeuzwa mwaka 2011, uwaziri ukiisha bwana anarudi juu ya kiti chake, kama mtu aliyeacha kofia yake juu ya msumari. Kiti kinatoka mkono huu kinaingia mkono ule, na mpigaji kura anasikia habari kwa radio. Yasomeni majina ya wasuppléant wa majimbo yenu. Mtajua wenyewe huyu ni ndugu ya nani na yule ni mke wa nani. Sisi hatuna haja ya kuwaambia.

Sisi watu wa kazi ya shimo tunajua kitu cha kuazima. Mchimbaji akishuka anapewa lampi yenye nambari. Akipanda anairudisha, na karani anatia alama kwenye buku. Hakuna anayesema: nimeishika saa nane, sasa ni yangu, na nikichoka nitampa mdogo wangu. Na lampi ikizimika, haingojwi mpaka mwisho wa kazi. Mtu anaitwa juu, maana gizani atajiua na kuua wenzake. Kiti cha deputé ni lampi. Kina nambari yetu juu yake. Kwa nini lampi inadaiwa kila jioni, na kiti kinachoangaza inchi nzima hakidaiwi kwa miaka mitano?

MAJIBU KWA WAPINZANI WETU

Watatuambia: kumwita deputé ni kuleta « mandat impératif ». Hapana. Kumwamuru mtu apige kura namna gani ni jambo moja. Kumwuliza hesabu ya kazi yake ni jambo lingine. Karani hapewi amri kwa kila mstari anaouandika, lakini buku yake inakaguliwa.

Watatuambia: maadui watatumia njia hiyo kuangusha deputé kila juma. Hesabu inawakataa. Tangu sheria ya mwaka 2015 mpaka mwisho wa mwaka 2024, katika Uingereza nzima mikono ilitimia mara nne tu: Peterborough na Brecon and Radnorshire mwaka 2019, Rutherglen and Hamilton West mwaka 2023, na Wellingborough mwezi wa Desemba mwaka uleule. Mara nne, katika Bunge la viti 650. Hiyo si fujo. Na aliyeitwa hazuiwi kusimama tena. Bwana Chris Davies wa Brecon aliitwa na watu, chama chake kikamsimamisha tena, watu wakamtazama mara ya pili wakachagua mwingine, kwa tofauti ya kura 1,425. Kama wangemtaka, wangemrudisha. Kuitwa si kunyongwa. Ni kurudi mbele ya waliokutuma, useme nao macho kwa macho.

Watatuambia: kura ni pesa nyingi. Kweli, ni pesa. Lakini piga hesabu ya pili, bwana. Weka mshahara wa miaka mitano wa mtu asiyefanya kazi, weka gari, weka safari, weka barabara aliyoahidi ambayo haikujengwa, weka watoto waliokaa chini darasani. Kisha utuambie ipi ni ghali.

Watatuambia mwisho, kwa sauti ya chini: watu wetu hawajakomaa. Ndugu zetu, neno hilo tunalijua, limezeeka. Mwaka 1955 Profesa Van Bilsen wa Ubelgiji aliandika kwamba miaka 30 ingefaa ili kutayarisha uhuru wetu, na Wabelgiji wengi wakamkasirikia, wakisema anakimbiza mambo. Babu zetu walipiga kura ya kwanza mwezi wa Desemba 1957, kura ya komini, pale Élisabethville na Jadotville ambazo leo ni Lubumbashi na Likasi. Siku ile wakubwa wa ukoloni walisema vilevile: hawajakomaa. Miaka miwili na nusu baadaye inchi ilikuwa huru. Ni aibu kubwa neno la mkoloni kutoka leo katika kinywa cha Mkongomani aliyepewa kiti kwa kura za wale anaowaita watoto.

TUNACHOTAKA

Mwezi wa Oktoba 2024, pale Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema kwamba Katiba iangaliwe upya. Wengine wakashangilia, wengine wakakataa, na kelele nyingi zilikuwa juu ya muda wa Rais. Sisi tunasema kwa wote wawili. Mkilifungua buku lile, kwa nia njema au mbaya, mwenye kura ataangalia jambo moja kwanza: je, mmemwandikia nguvu yake, au mmejiandikia yenu? Na mkilifunga, nguvu hiyo bado tutaidai. Tunataka haya:

1. Watu wa jimbo wenyewe waweze kuanza kumwita deputé, bila kungojea Bunge wala chama.

2. Sababu ziandikwe wazi: wizi wa mali ya watu, hukumu ya korti, kutokuja kikaoni, kutorudi jimboni kutoa hesabu. Chuki ya kabila isiwe sababu hata siku moja.

3. Mahali pa kutia mkono pawe karibu na watu, katika kila komini na kila shefferi, na pawepo karatasi ya kukubali na ya kukataa, ili jirani asijue nani ametia nini.

4. Deputé akiitwa, suppléant wake asikae. Waliomtuma wapige kura upya.

5. Kiti kisiwe cha chama. Anayekiacha chama chake arudishwe mbele ya watu, nao ndio watakaosema kama abakie au aende.

Hatuombi kitu cha ajabu. Tunaomba kiti kitazamwe kama lampi.

Na wakati tunapongoja sheria, tusikae bure. Hakuna kifungu cha Katiba kinachomkataza mtu kumwandikia deputé wake barua. Hakuna kinachokataza watu wa mtaa kukaa pamoja, kusoma ahadi zake moja moja, kuandika pembeni: imetimia, haikutimia. Makarani tupo, kalamu zipo, buku ziko. Anzeni hesabu leo, mtaa kwa mtaa, kambi kwa kambi, ili siku atakaporudi na fulana na bia, akute buku imefunguliwa mezani na jina lake juu ya ukurasa.

Mwenye kiti ni aliyekitoa. Aliyekalishwa ni mtumishi.